Muhula wa kiangazi Marekani: jinsi ya kuchagua kozi, kuilipia na kuimaliza salama

Mwanafunzi aliyesoma chuo Dar es Salaam au Dodoma anajua kwamba akiteleza kwenye mtihani kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu ikigoma kuna kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Akihamia Marekani anakuta havipo. Ukipata F ya kalkulasi mwezi Desemba, hakuna atakayekuita Septemba urudie karatasi moja. Utarudia kozi nzima, kuanzia somo la kwanza, kwa ada nyingine. Na kama kozi hiyo ndiyo mlango wa kozi nyingine tatu, hizo tatu nazo zinasimama.

Kwa mwanafunzi wa namna hiyo muhula wa kiangazi, yaani katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ni msaada mkubwa. Kwa mwingine ni njia ya kumaliza akiba, kuchoka na kuharibu wastani wa alama. Kinachowatofautisha ni jambo moja: yule wa kwanza anaweza kutaja kwa sentensi moja tatizo ambalo kozi hiyo inakwenda kulitatua. Mwongozo huu nimeuandikia vijana wetu walioko kwenye vyuo vya Marekani, hasa wenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, pamoja na ndugu zetu waliohamia huko na familia zao. Uusome kabla ya Machi, kwa sababu Mei unakuwa umechelewa.

Hatua ya 1: Taja tatizo lako

Fungua ukurasa wa chuo unaoonyesha kozi ulizomaliza na zilizobaki hadi kuhitimu. Karibu kila chuo kinao. Chapisha, kaa nao mezani na kalamu, kisha uangalie mambo haya.

Kwanza, mnyororo. Kuna kozi ambazo huwezi kuzigusa mpaka umepita nyingine. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, Kalkulasi I inafungua Kalkulasi II, ambayo nayo inafungua Kalkulasi III, na fizikia na mekanika zinaning'inia humo humo. Anayeelekea udaktari ana mnyororo wake wa kemia: mwaka mzima wa kemia ya jumla, ndipo kemia kaboni, ndipo biokemia. Sasa chukua kijana aliyefeli Kalkulasi I Desemba. Akirudia muhula wa machipuko atapita mwezi Mei, wakati wenzake wanapita Kalkulasi II. Akichukua Kalkulasi II kiangazi, Agosti anaingia Kalkulasi III pamoja nao. Asipofanya hivyo atabaki muhula mmoja nyuma, na kama kozi za mwaka wa tatu za idara yake zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula huo mmoja unageuka mwaka mzima. Hili ndilo tatizo ambalo kiangazi kinalitibu vizuri kuliko lolote.

Pili, idadi ya krediti. Hapa vijana wengi wa F-1 wanapotea, tena kwa kufuata sheria. Viza inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome angalau krediti 12 kwa muhula, na wengi wakishafika 12 wanaridhika. Lakini shahada kwa kawaida ni krediti 120. Mihula minane ya krediti 12 ni 96. Zinabaki 24, ambazo ni mihula miwili zaidi ya ada, kodi ya nyumba na chakula. Kozi mbili za krediti tatu tatu katika kila kiangazi kwa viangazi vitatu zinakupa krediti 18 kati ya hizo, na 6 zilizobaki, yaani kozi mbili, unaziongeza kwenye mihula miwili ya kawaida.

Kabla hujalipa, lakini, tazama jambo ambalo watu hawaambiwi. Vyuo vingi vinatoza ada ile ile kwa mwanafunzi wa krediti 12 na yule wa 15, mara nyingine hadi 18. Kiangazi, ada ni kwa kila krediti. Kama chuo chako kiko hivyo, kozi ya tano ya muhula wa kawaida hukuongezea ada, na kozi ile ile ukiipeleka kiangazi unailipia. Kwa hiyo jaza kwanza muhula wa kawaida kwa kadiri unavyoweza kubeba, ndipo ufikirie kiangazi.

Tatu, kozi za lazima zisizohusiana na fani yako: historia, uandishi, sanaa, lugha. Hizi zinafaa sana kiangazi kwa sababu nyingi hazina mnyororo. Ila kwa lugha, mdogo wangu, simama kwanza. Usilipie Kihispania cha wiki sita kabla hujauliza kama Kiswahili chako kinatosha. Vyuo vingi vinamwondolea sharti la lugha mwanafunzi anayethibitisha kwamba anaimudu lugha nyingine vizuri, na baadhi vinampa hata krediti kwa mtihani. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, Wisconsin na Indiana vikiwemo, kwa hiyo si lugha ya kuwashangaza. Peleka cheti chako cha kidato cha nne chenye somo la Kiswahili, uulize utaratibu, na uwe tayari kufanya mtihani wakikutaka.

Ukishapitia yote hayo na bado huwezi kutaja tatizo, basi usijisajili. "Nisikae bure" haitoshi kuwa sababu. Kuna kazi za ndani ya chuo, kuna mafunzo kazini, kuna kurudi nyumbani kumwona mama.

Hatua ya 2: Elewa vipindi na uzito wake

Kiangazi kinagawanywa vipande, na kila chuo kina mgawanyo wake. Kuna kipindi cha Mei cha wiki tatu, kuna vya wiki tano au sita, vya wiki nane, na vya wiki kumi hadi kumi na mbili. California Berkeley, kwa mfano, ina vipindi vya wiki 6, 8 na 10 vinavyoanza tarehe tofauti. Vyuo vya mfumo wa robo mwaka vina kalenda nyingine kabisa: Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892 kiliufanya muhula wa kiangazi kuwa robo ya nne ya mwaka. Na chuo cha Dartmouth kinawataka wanafunzi wake wawepo chuoni kiangazi cha baada ya mwaka wa pili.

Kanuni ni kwamba kozi ya krediti tatu haipunguzwi kwa sababu ni kiangazi. Fanya hesabu. Muhula wa kawaida wa wiki 15, saa tatu kwa wiki, ni saa 45 za darasani. Ukiziingiza ndani ya wiki sita, zinakuwa saa saba na nusu kwa wiki, yaani karibu saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Vyuo vinakutegemea usome mwenyewe saa mbili kwa kila saa ya darasani. Hizo ni saa 15 nyingine. Jumla ni zaidi ya saa 22 kwa wiki kwa kozi moja tu. Kozi mbili kwa pamoja ni saa 45, zaidi ya kazi ya kutwa.

Kukosa siku mbili za kiangazi ni kukosa zaidi ya wiki nzima ya muhula wa kawaida. Ndiyo maana walimu wengi wa kiangazi hawana subira na mahudhurio. Harusi ya binamu Minneapolis Ijumaa hadi Jumatatu inaweza kukugharimu jaribio zima.

Ushauri wangu ni huu. Kozi ya hesabu au sayansi yenye maabara, chukua ya wiki nane au zaidi kama ipo, na iwe peke yake. Kozi ya kusoma na kuandika inavumilika ndani ya wiki tano. Kipindi cha wiki tatu kichukue tu kwa kozi unayoijua nusu tayari, au ile inayokwenda kwa mijadala na ziara. Usichukue kemia kaboni huku unafanya kazi saa arobaini. Kama nia yako ni kwenda nyumbani, chagua kipindi cha kwanza: kinaisha mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na Nanenane itakukuta kijijini.

Hatua ya 3: Chuo chako au chuo cha jamii?

Vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, vinafundisha Kalkulasi II ile ile kwa ada ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ada ya chuo kikuu. Madarasa ni madogo, na mwalimu anakujua jina. Mwanafunzi wa kimataifa hutozwa bei ya juu kuliko mkazi wa jimbo, lakini hata hivyo mara nyingi anaokoa. Wanafunzi wa Kimarekani wanafanya hivi kila mwaka bila kificho, nawe huna sababu ya kuona aibu.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Ukisoma chuo kingine, kwa kawaida kinachohamia chuoni kwako ni krediti, si alama. Ukipata A kule, wastani wako hapa haupandi. Ukipata D, vyuo vingi vinakataa hata hizo krediti, kwani vinataka C au zaidi. Kutokana na hilo, uamuzi ni rahisi. Kama tatizo lako ni krediti au mnyororo, chuo cha jamii kinafaa. Kama tatizo lako ni F inayoburuta wastani na unataka alama mpya ichukue nafasi yake, irudie kozi hiyo chuoni kwako, hata kama ni ghali, maana utaratibu wa kubadilisha alama kwa kawaida unakubali kozi za chuo hicho hicho tu. Mwenye ufadhili unaodai wastani fulani alisome hili mara mbili.

Ukiamua kwenda chuo kingine, usikubali jibu la "itahamia tu." Krediti inaweza kuhamia ikawekwa kwenye fungu la kozi za hiari, ambako haikusaidii chochote. Swali sahihi ni: itahesabika kama kozi gani? California ina mfumo wa ASSIST unaoonyesha kozi ya chuo cha jamii inalingana na ipi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Texas ina namba za pamoja: MATH 2413 ni Kalkulasi I na MATH 2414 ni Kalkulasi II katika vyuo vyote vilivyo ndani ya mpango huo. Florida nayo ina mfumo wa namba wa jimbo zima. Kama jimbo lako halina kitu kama hicho, tafuta orodha ya ulinganisho kwenye tovuti ya ofisi ya msajili.

Halafu mwandikie mshauri wako wa masomo barua pepe fupi. Weka jina lako kamili na namba yako ya mwanafunzi, jina na namba ya kozi unayotaka kuchukua, chuo kinachoifundisha, tarehe ya kuanza na kumaliza, na silabasi kama kiambatisho. Kisha uliza mambo matatu tu: itahesabika kama kozi gani hapa, natakiwa nipate alama gani, na je, kuna fomu ya kuidhinisha kabla sijaanza. Subiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la koridoni halitakusaidia Agosti mshauri huyo akiwa amehamia chuo kingine. Uliza pia kuhusu sharti la krediti za mwisho, kwa sababu vyuo vingi vinataka krediti 30 za mwisho zisomwe kwao.

Hatua ya 4: Viza, kabla ya kulipa senti

Sehemu hii ni ya wenye F-1. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, ukamwone yule afisa anayeshughulikia I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba hadhi yako ya F-1. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kwa hali yako, na sheria za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo hata rafiki aliyepita njia hiyo mwaka juzi hatoshi kuwa mwongozo.

Kwa mwanafunzi anayeendelea, kiangazi kwa kawaida ni likizo yake ya mwaka. Halazimiki kusoma chochote, mradi amemaliza mwaka wa masomo na atarejea muhula unaofuata. Kwa hiyo anaweza kusoma kozi moja tu, au kozi za mtandaoni tupu, bila kuvunja hadhi yake. Uhuru huo haupo katika hali mbili.

Ya kwanza: kama kiangazi ndicho muhula wako wa kuanza chuo, lazima usome kwa kiwango kamili.

Ya pili ni kama kiangazi ndicho muhula wako wa mwisho. Umebakiza kozi moja uhitimu Agosti. Hapo unahitaji idhini ya kusoma chini ya kiwango, na I-20 yako itarekebishwa. Kozi hiyo iliyobaki isiwe ya mtandaoni tupu. Tafuta ya kuingia darasani. Na kama unataka kuomba OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, dirisha la maombi linaanza siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu na kufungwa siku 60 baada yake. Kuhitimu Agosti badala ya Mei kunasogeza tarehe zote hizo. Panga mapema, wala usije ukagundua Julai.

Kuhusu kazi: wakati wa muhula, F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo. Wakati wa likizo ya kiangazi anaweza kufanya kazi ya kutwa ndani ya chuo, ingawa baadhi ya vyuo vinapunguza saa kwa aliyejisajili kwenye kozi. Kazi za nje ya chuo bila kibali, iwe kuosha magari, kutunza wazee au kupeleka chakula kwa programu ya simu, ni hatari kwa hadhi yako hata kama "kila mtu anafanya." Vijana wamepoteza shahada kwa mishahara ya wiki chache. Mtu akikushawishi, mwambie hapana, hata kama ni kaka anayekulaza kwake.

Ukipata nafasi ya mafunzo kazini kwenye kampuni, njia halali inaitwa CPT. Kwa kawaida lazima uwe umesoma mwaka mmoja kamili kwanza, mafunzo yahusiane na fani yako, na kibali kiwe kimeandikwa kwenye I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Vyuo vingi vinakutaka ujisajili kwenye kozi ya mafunzo ya krediti moja au zaidi kiangazi hicho, na unailipia. Iingize kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Hesabu ya pesa

Chukua karatasi, uandike: ada kwa krediti mara idadi ya krediti, michango ya chuo, ya maabara na ya teknolojia, kitabu au msimbo wa programu ya kazi za nyumbani, nyumba, chakula, bima. Kando yake andika mapato ya saa utakazoacha kufanya kazi. Upande wa pili andika gharama ya muhula mmoja wa ziada mwishoni mwa shahada, wenye ada, kodi na kila kitu. Ukiona upande wa pili ni mkubwa sana, kiangazi kimejilipia. Ukiona zinakaribiana, pumzika.

Nyumba inawashtua wengi. Mkataba wa bweni kwa kawaida unaisha Mei, mara nyingi siku moja tu baada ya mitihani. Bweni la kiangazi ni mkataba mwingine, na mara nyingi jengo jingine. Njia ya nafuu ni kupanga chumba cha mwanafunzi anayeondoka, maana wengi wana mikataba ya miezi 12 na Mei wanahangaika kupata wa kuwabebea kodi. Dai karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, si ujumbe wa simu tu. Mabwalo ya chakula nayo hupunguza saa au hufungwa kabisa, kwa hiyo uwe na sufuria yako.

Ufadhili mwingi wa vyuo umepangwa kwa mihula miwili tu, ya vuli na machipuko. Usidhani unaendelea kiangazi. Uliza kwa maandishi. Kuna vyuo vyenye mfuko mdogo wa kiangazi ambao hautangazwi sana, na wakati mwingine mkuu wa idara ana nafasi ya msaidizi wa utafiti. Barua moja ya heshima inatosha kuuliza.

Kwa raia na wakazi wa kudumu, wakiwemo ndugu zetu wengi wa Kongo waliokuja kama wakimbizi na sasa wana kadi ya kijani, ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, inaweza kutumika kiangazi. Tangu Julai 2017 mwanafunzi anaweza kupata hadi asilimia 150 ya ruzuku yake ya mwaka, ili asome mwaka mzima. Kwa ile nyongeza unatakiwa usome angalau nusu ya kiwango kamili, kwa kawaida krediti 6. Ruzuku ya Pell ina ukomo wa maisha wa miaka sita ya masomo, kwa hiyo kila kiangazi unachokitumia kinapunguza akiba hiyo. Ni matumizi mazuri kama kinakusogeza kwenye kuhitimu.

Hatua ya 6: Kujisajili

Usajili wa kiangazi mara nyingi unafunguliwa Machi au Aprili. Kozi zenye maabara hujaa kwanza. Ukienda chuo kingine, unaomba kama mwanafunzi mgeni wa muhula mmoja. Fomu ni fupi, lakini watadai transkripti kuthibitisha umepita kozi ya kutangulia, na kuiondolea kizuizi kunaweza kuchukua wiki. Mambo ya chanjo nayo yanaweza kukusimamisha.

Siku hiyo hiyo ya kujisajili, andika kwenye kalenda ya simu tarehe tatu: ya mwisho kujitoa ukarudishiwa ada yote, ya mwisho kujitoa bila alama kuonekana, na ya mwisho kujitoa kwa W, alama inayoonyesha tu kwamba ulijitoa. Katika kozi ya wiki tano tarehe ya kwanza inaweza kuwa siku chache tu baada ya darasa la kwanza. Pia kozi ya kiangazi yenye watu wachache inaweza kufutwa na chuo dakika za mwisho, hivyo uwe na kozi ya pili mfukoni, na usinunue tiketi ya ndege isiyorudishika mpaka kozi imeanza.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza ndiyo inayoamua

Mwombe mwalimu silabasi wiki mbili kabla. Wengi wanatuma. Soma sura mbili za kwanza kabla ya siku ya kwanza, na kama ni Kalkulasi II, rudia utofautishaji na integrali mpaka mkono uzoee. Walimu wa kiangazi hawarudii ya nyuma. Jaribio la kwanza linaweza kuwa mwisho wa wiki ya kwanza.

Siku ya kozi ya wiki sita inayokwenda vizuri iko hivi. Darasa saa tatu hadi saa tano asubuhi. Unatoka, unakula kitu, na saa sita uko maktaba, kabla ya kulala, kabla ya simu. Unafanya maswali ya leo leo. Saa tisa umemaliza au umejua umekwama wapi, na ukikwama unakwenda saa za ofisi za mwalimu siku hiyo hiyo. Jioni unasoma sura ya kesho kwa nusu saa. Ijumaa hakuna darasa, na hiyo ndiyo siku ya kuunganisha wiki nzima, si siku ya zamu ya ziada kazini.

Ukipata chini ya nusu kwenye jaribio la kwanza, zungumza na mwalimu kabla ya darasa linalofuata. Muulize waziwazi kama anaona unaweza kupita. Ukijitoa kwa W mapema umepoteza ada. Ukibaki ukafeli umepoteza ada na wastani.

Unaweza pia kuisoma kozi ya mtandaoni ukiwa nyumbani Afrika Mashariki, na wazazi watafurahi. Angalia tu saa. Kiangazi, Dar es Salaam na Nairobi ziko saa saba mbele ya New York. Darasa la saa tatu asubuhi kule ni saa kumi jioni huku, jambo linalowezekana kabisa. Mtihani wa saa moja jioni kule ni saa nane usiku huku, na msimamizi wa mtandaoni anataka chumba kimya na kamera wazi. Kabla hujachagua, uliza kama mitihani ina saa maalumu au dirisha la siku nzima. Nunua bando ya kutosha, weka laini ya pili ya mtandao mwingine kwa siku umeme unapokatika, na waambie watu wa nyumbani tangu siku ya kwanza kwamba kati ya saa fulani na fulani wewe uko kazini. Bila hivyo utatumwa dukani katikati ya jaribio, na wala hawatakuwa na kosa.

Baada ya mtihani wa mwisho

Kama ulisoma chuo kingine, agiza transkripti rasmi mara tu alama zinapoonekana, na hakikisha umechagua itumwe baada ya alama kuingizwa, kwani ikitumwa mapema itafika bila alama. Haiji yenyewe chuoni kwako. Mfumo unaweza kukuzuia kujisajili Kalkulasi III ukidai hujapita II, kwa sababu krediti hazijaingia. Mpelekee mshauri nakala isiyo rasmi pamoja na ile barua yake ya idhini, umwombe akufungulie kwa muda. Kisha baada ya wiki mbili fungua tena ule ukurasa wa kozi zilizobaki, uone kama kozi imekaa kwenye nafasi uliyoahidiwa. Ikiwa imewekwa kwenye kozi za hiari, rudi ofisi ya msajili na ile barua kabla tarehe ya mwisho ya kuongeza kozi ya vuli haijapita.